Mfalme Chini ya Ree

Mwenzangu wa karata ni mwanamke wa Kisukuma anayekaa ng'ambo ya mto, ukishapita Kivukoni. Kila Jumamosi anakuja Ifakara kwa bodaboda, kanga moja kiunoni na nyingine ya kujikinga na vumbi, au tope, kufuatana na majira. Tumecheza pamoja miaka mingi. Naandika habari zake akiwa hai na akili zake timamu, maana nimeona watu wengi wakisifiwa makaburini na wenyewe hawasikii. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo, na ya wazazi wao, lakini nimeyaacha. Wanajijua.

Mchezo wenyewe unaitwa briji. Hatuko wengi, meza nne tu, na watu wakipita pale ukumbini kwetu Lipangalala hudhani ni karata za kijiweni. Sivyo. Mnacheza wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mkabala na wewe. Kila mtu anapata karata kumi na tatu. Aina ni nne, kopa, uru, shupaza na pau, na katika kila aina mkubwa ni ree, chini yake mfalme, kisha malkia. Kwanza mnaahidi: sisi wawili tutakula mizunguko kadhaa kati ya kumi na tatu. Kila mzunguko mtu anaweka karata moja, ya aina iliyoanzishwa kama anayo, na iliyo kubwa inakula. Mkiahidi tisa mkala minane, mmeanguka. Katika jozi iliyoahidi kubwa zaidi, mmoja anacheza, mwenzake analaza karata zake zote mezani, wazi, anakaa kama mgeni. Na kubwa kuliko yote: humwambii mwenzako una nini mkononi. Si kwa mdomo, si kwa jicho, si kwa kikohozi. Karata yenyewe ndiyo inasema.

Mkimaliza, karata hazichanganywi. Kila mtu anarudisha zake kumi na tatu kwenye ubao wenye vifuko vinne, ubao unakwenda meza ya pili, na wenzenu wanacheza zile zile. Kwa hiyo jioni hakuna wa kusema nilipata karata mbaya. Aliyekaa kiti kama chako kwenye meza nyingine alizipata hizo hizo. Mnapimwa kwa mlichofanya nazo.

Mbao hizo zilichongwa zamani na fundi seremala wa misheni, kwa ajili ya sista mmoja wa Kizungu aliyesimamia ufuaji hospitalini. Mimi nilikuwa mfuaji wake. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Siku moja alikosa mtu wa nne, akanitoa kwenye beseni na povu mikononi, akasema, "Keti." Ndivyo nilivyoanza. Alipofariki, mbao zikabaki kwetu sisi wafanyakazi, nasi tukawafundisha wengine.

Huyu mwenzangu alifika hospitalini kumuuguza mumewe, wakakaa pale miezi miwili. Mchana, nguo zikiwa kambani, sisi tulikuwa tunacheza kwenye kibaraza cha kufulia. Yeye alikaa pembeni anachambua mchele wa mgonjwa wake, haulizi kitu. Wiki ya tatu hivi, nimeshika karata nasita, nikasikia sauti ya taratibu.

"Shikamoo dada. Kopa imebaki moja tu, anayo huyo mwenye miwani."

Tukamwangalia. Mwenye miwani akafungua mkono wake: kopa moja, nyingine hana.

"Umehesabu?" nikamuuliza.

"Sijahesabu, dada. Kwetu ng'ombe wakiingia zizini hatuhesabu. Unaangalia nani hayupo."

Mimi nina kumbukumbu nzuri ya watu, lakini karata nazikumbuka kwa jasho: hii imetoka, ile imetoka, midomo inachezacheza kama mtu anayesali rozari. Yeye hana jasho lolote. Anaona pengo. Karata hamsini na mbili kwake ni kundi linaloingia mlangoni jioni, na mwenye pembe iliyopinda asipopita anajua.

Lakini si macho tu. Wako watu wenye macho makali na ni wenza wabaya, maana wakikukamata umekosea watakuimbia mpaka nyumbani. Yeye nikikosea anasema, "Hiyo imeshakwenda malishoni," anavuta ubao unaofuata. Tukipata karata dhaifu, ndogo ndogo tupu, ndipo anakaa vizuri kitini, kwa sababu anajua meza nyingine wataziona hizo hizo wakate tamaa, na sisi tukipoteza mizunguko michache kuliko wao tumeshinda. Nimemwona akiilinda nane ya pau kama mtu analinda mbegu ya mpunga. Mwishoni ile nane ikala, na mpinzani alibaki anaigeuza geuza karata yake kama imemdanganya.

Sasa nieleze siku ile.

Ilikuwa masika, kwenye mashindano yetu ya mwaka. Mwisho kabisa tulikuja kukaa meza ya mwalimu mmoja mstaafu na mwenzake, mzee wa reli. Mwalimu ndiye mchezaji wetu hodari kwa upande wa wanaume na hapendi kushindwa. Si mtu mbaya. Ametufanyia hesabu za alama miaka yote bila kukosea. Mzee wa reli ndiye mkubwa wetu kwa umri, ananipita hata mimi. Kila meza tunacheza mbao tatu, kisha sisi tunahama. Ubao wa kwanza mwenzangu alimla mzee malkia wake wa shupaza kwa mfalme, na mara mwalimu akalaza karata zake kifudifudi.

"Msimamizi! Naomba uje hapa."

Msimamizi wetu ni mkunga mstaafu. Akaja anajifuta mikono, alikuwa anagawa chai.

"Kuna nini, mwalimu? Mtu kashikwa na uchungu?"

"Usicheke, mama. Hawa wanapeana ishara."

Meza zote zikageuka. Mwalimu akatoa daftari mfukoni. Alikuwa ameandika Jumamosi tatu mfululizo, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: huyu mama wa Kisukuma mara nyingine anaweka karata kwa mkono mmoja, na mara nyingine anaweka kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Na kila alipoweka kwa kushika kiwiko, alikula.

"Kila mara," mwalimu akasema. "Si bahati hiyo. Akishika kiwiko anamwambia bibi hapa kwamba nyuma yake kuna kubwa nyingine. Ndiyo maana hawashikiki."

Nitasema kweli, kwa sababu nimeahidi kuandika habari zake na si zangu. Mimi kile kiwiko nilikuwa nimekiona. Miaka yote nimekiona, na sikuwahi kumuuliza. Na pale, kwa kitambo cha kumeza mate, hata mimi nilijiuliza: kwa nini mara anashika na mara hashiki?

Mkunga akamgeukia. "Mama, unajibuje?"

Mwenzangu alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani, wazi, kama mtu anaonyesha kucha.

"Sababu ninayo," alisema. "Lakini nikiisema sasa hivi mtasema nimeitunga. Ninyi mnajua bonde hili. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa watu kule Katindiuka, naulizwa mimi Msukuma, na wangu wako zizini. Nimezoea. Lakini hapa kwenye meza sijawahi kuulizwa. Hapa ndipo mahali pangu pa kutoulizwa." Akamgeukia mkunga. "Kama mimi ni mwizi wa karata, leo naondoka na sirudi. Kama si mwizi, tucheze kwanza, niseme baadaye."

"Tucheze vipi na ishara zako?" mwalimu akasema.

"Wewe mwalimu, nyamaza kidogo," mkunga akamwambia. "Nimezalisha nusu ya wilaya hii, sijapata kumhukumu mtu kwa kiwiko."

Akatoka. Nyumba yake iko jirani na ukumbi. Akarudi na shuka jeupe na kamba ya kuanikia nguo. Akafunga kamba kutoka dirisha hili mpaka dirisha lile, juu ya meza yetu, akatundika shuka likakata meza pembe kwa pembe. Chini aliacha nafasi ya kiganja kimoja, karata zionekane na watu wasionekane. Mimi na mzee wa reli tukawa upande huu. Mwenzangu na mwalimu wakawa upande ule.

"Wewe mwalimu utakaa naye," mkunga akasema. "Mtazame viwiko mpaka uchoke. Bibi hatamwona. Ahadi zenu mtaniandikia kwenye karatasi, nitazisoma mimi, sauti yangu haina ree wala mfalme."

Basi tukacheza hivyo. Ubao wa pili ulipita bila makubwa, tukala tulichostahili. Ukaja wa tatu.

Mkunga akasoma: mwalimu ameahidi mizunguko tisa, bila turufu. Maana yake hakuna aina inayoitawala nyingine. Ukiishiwa aina iliyoanzishwa, huna nguvu. Mimi ndiye wa kuanza. Nilikuwa na pau tano, zikiwa na malkia na ghulamu, yule anayemfuata malkia. Nikaanza na pau ndogo. Mzee wa reli akalaza karata zake mezani, wazi. Chini ya shuka ukatokea mfalme wa pau, wa mwenzangu, akala. Akanirudishia pau nyingine. Mwalimu akaichukua kwa ree.

Hapo mambo yalikuwa hivi. Mimi nilibaki na pau tatu, na zote zingekula. Lakini mwenzangu zilikuwa zimemwishia, hakuwa na ya kunirudishia. Na mimi nilihitaji kula mzunguko mmoja wa aina nyingine, niingie, nizitoe. Bila hivyo pau zangu zingekufa mkononi kama mahindi yaliyokosa mvua ya mwisho. Mwalimu alilijua hilo vizuri. Alikuwa na kazi moja tu: apate mizunguko ya uru bila mimi kuingia. Kwa mzee pale mezani kulikuwa na uru tano, juu yake ree na malkia. Mimi kwenye uru nilikuwa na ghulamu, kumi na ndogo moja.

Mwalimu akaanza na uru ndogo ya mkononi mwake, nikaweka ndogo yangu, akaagiza ree ya uru kutoka mezani. Chini ya shuka, taratibu, akatoka mfalme wa uru.

Mfalme chini ya ree! Nikajua alikuwa peke yake, hana mwenzie, maskini ametoka kwa lazima. Mwalimu naye alifikiri hivyo. Nilimsikia upande wa pili akivuta pumzi ya kuridhika, ile ya mtu aliyekuta chai imeshatiwa sukari.

"Malkia," akaagiza. Malkia wa uru sasa hana wa kumzuia. Mzee akamsogeza.

Na chini ya shuka ikatoka uru ndogo. Ya mwenzangu.

Mzee wa reli aliiangalia ile karata, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Haruhusiwi kusema, ni mgeni, lakini koo lake lilitoa sauti kama injini inayoachia mvuke. Mimi ndipo nilipoelewa. Hakuwa na mfalme mmoja tu. Alikuwa na mfalme na ndogo. Alikuwa na hiari. Angeweza kutoa ile ndogo, akamweka mfalme wake mpaka mzunguko wa pili akala naye, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini angekula na nini baada ya hapo? Pau hana. Kisha malkia wa mzee angekuja kumfagia ghulamu wangu, na sisi tungekuwa tumekula mfalme mmoja na kulala njaa. Alipomtupa mfalme wake chini ya ree, alikuwa ananipa mimi mlango. Ree imeshapita, mfalme ameshapita, malkia ndiye huyu anapita. Aliyebaki mkubwa wa uru duniani ni ghulamu wangu.

Na hakuniona. Hakujua nina nini ila kwa pau ile ndogo niliyoanza nayo na kwa yale yaliyolala mezani. Aliangalia nani hayupo, akaona ghulamu hayupo kwa mzee, na kama yuko kwa mwalimu basi hakuna kitu cha kufanya, kwa hiyo acheze kana kwamba yuko kwangu.

Mwalimu alizipekua karata zake mara mbili. Hakuwa na pa kwenda, bila uru ahadi yake haifiki tisa. Akaagiza uru ya tatu. Nikala kwa ghulamu. Nikalaza malkia wa pau, nikalaza ghulamu wa pau, nikalaza ile ndogo ya mwisho. Mizunguko mitano kwetu. Kwake minane. Ameanguka.

Mkunga akazikusanya karatasi za alama za ubao ule kutoka meza zote. Akazisoma kwa sauti. Meza tatu nyingine walikuwa wamecheza karata zile zile, ahadi ile ile, pau ndogo ile ile imeanzishwa. Watu watatu walikuwa wamekalia kiti cha mwenzangu na kushika mfalme yule yule wa uru. Wote watatu walimweka. Wote watatu walikula naye mzunguko wa pili, wakafurahi, na aliyekalia kiti cha mwalimu kwenye kila meza akapata tisa zake.

"Mfalme nilikuwa naye mimi pia," alisema mama mmoja wa meza ya dirishani. "Nimtupe? Mimi? Hata kwa mtutu wa bunduki nisingemtupa."

Mkunga akainua shuka kwa mkono. "Mwalimu, umekaa naye. Viwiko vimesema nini?"

Mwalimu alikuwa anamtazama mwenzangu kwa namna ambayo nadhani alikuwa hajawahi kumtazama. "Havijasema kitu," akajibu. "Mfalme yule aliniwekea kwa mkono mmoja, mezani, kama mtu anaweka kikombe. Lakini ghulamu, mama, ulijuaje?"

"Sikujua. Nilimwomba Mungu awe kwa dada."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sasa niseme sababu yangu," alisema. "Mimi nikimla mtu aliyenizidi umri, nashika mkono. Siwezi kumnyang'anya mzee kwa mkono mmoja, kama namnyang'anya mtoto muwa. Ndivyo nilivyolelewa. Nilianza siku ya kwanza kule kibarazani, na wazee wa wakati ule hawakuniuliza, walielewa. Angalia daftari lako, mwalimu. Angalia nilikuwa namla nani."

Mwalimu akafungua daftari. Alikuwa ameandika kila kitu, mtu makini, hata karata ya nani iliyoliwa. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili. Mzee wa reli. Mzee wa reli. Mama wa dirishani. Mzee wa reli.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi umenila mara ngapi humu, mbona sioni kiwiko?"

"Wewe ni mdogo wangu, mwalimu. Wewe nakula tu."

Ukumbi mzima ulipasuka. Mzee wa reli alicheka mpaka akatoa leso. Mwalimu mwenyewe alicheka, kisha akasimama, akasema mbele ya wote, "Mama, nimekukosea. Naomba unisamehe." Na mimi nilitaka kusema kwamba hata mimi, kwa ile punje ya wakati, nilimkosea. Nilimwambia baadaye njiani, tukienda kutafuta bodaboda. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo imeshakwenda malishoni, dada," akasema, lakini hakusema upesi kama siku zote.

Maana kabla hatujatoka ukumbini lilitokea jambo. Mkunga alikuwa ameshaanza kufungua kamba, na mwenzangu akamzuia.

"Liache."

"La nini tena? Yamekwisha."

"Kwangu yamekwisha. Lakini mmenifunika mimi peke yangu, mbele ya watu, kama mgonjwa wa kuambukiza. Nimekubali, nimecheza. Jumamosi ijayo nikikuta meza zote zina shuka, nitakaa. Nikikuta meza yangu tu, au nikikuta hakuna kabisa na mnaniangalia viwiko kwa huruma, nitarudi na pikipiki ile ile iliyonileta."

Hakungoja jibu. Tulishika nafasi ya kwanza siku hiyo na hakuchukua hata muda wa kusikia alama zikisomwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mvua ilinyesha kila siku, barabara ya Kivukoni ikawa uji, simu yake haipatikani. Jumamosi nilifika ukumbini mapema kuliko wakati wangu, nikamkuta mwalimu yuko juu ya kiti, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Alikuwa ameleta mashuka matatu ya nyumbani kwake, yamepigwa pasi, na mkewe, alisema, hajaambiwa. Mkunga akaleta lile la kwake. Mimi nilifunga kamba, maana hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Meza nne, mashuka manne. Mzee wa reli akasema ukumbi umekuwa kama wodi.

Saa nane hajafika. Saa nane na nusu tukagawa karata kwa meza tatu, ya kwetu tukaiacha. Mwalimu hakucheza vizuri hata kidogo, kila pikipiki ikipita anainua shingo.

Akaja saa tisa kasoro, tope mpaka magotini, viatu kavishika mkononi. Alisimama mlangoni. Akatazama meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ninajua hakuhesabu. Kisha akaenda bombani, akanawa miguu bila haraka, akaja akaketi kiti chake nyuma ya shuka, mahali ambapo siwezi kumwona.

"Shikamoo dada," ikaja sauti yake. "Nani anagawa?"